Fimbo za golfi za chef Benoît

Kyakimwa alikuwa anasugua sufuria mu lupango, kiwanja ya nyumba yake ya Butembo. Mupangaji wake, chef Benoît, mukubwa wa biro, kravati mu shingo, akachuchumaa pembeni na fimbo zake za golfi. Ule bwana hajapigaka mupira hata moja. Angepiga mu hii milima yetu, ungebingirika mpaka Musienene, baupike na viazi. Lakini directeur wa kazi yake, mupenzi wa golfi, alikuwa anakuja siku ya Mungu, na Benoît alitaka kumupendeza ili amurudishe kazi ya Kinshasa.

"Mama, fimbo ya bazoefu haing'ari. Naondoa mwangaza, ibakie laini sawa hariri."

"Unafifisha kitu inang'aa? Kwetu bibi akifanya vile, mama mukwe anamurudisha kwabo!"

"Mama, weye golfi hauijue. Leta muchanga na majivu yako."

Kyakimwa akamupatia, akificha kicheko. Benoît akazungusha mukono sawa anasugua sufuria ya maharagi, mpaka alama za mviringo zikajaa mu chuma.

Siku ya Mungu directeur akainua fimbo. "Benoît, na hii munakorogaka bugali?"

Directeur akarudi Kinshasa peke yake. Leo Kyakimwa anatolea viazi mu majivu na ile fimbo.