Doreen na Swali la Askofu

Doreen, binti wa mzee Clegg muuza samaki na chipsi wa Grimsby, Uingereza, alikuwa bado bibi harusi pale kiti cha ubunge cha kwao mumewe kilipobaki wazi. Mumewe, Lionel wa nyumba ya Ashmarsh, alikitaka kiti kile mpaka usingizi ukamruka. Babu yake alikikalia, baba yake alikikalia. Sasa mambo yote yalikuwa mikononi mwa Kanali Pettifer, mwenyekiti wa chama, ambaye alikuwa ameshanong'ona huku na kule kwamba kijana hana neno, ila mke! Mke ananuka mafuta ya kukaangia.

Kanali akaalikwa chakula cha jioni.

"Wewe kula, cheka, basi," Lionel akamwambia mkewe.

"Na mama yako?"

"Mama ni Mama," akajibu, kana kwamba hilo ni jibu.

Kusema kweli, Doreen alimwogopa mama mkwe kuliko chama kizima. Tangu harusi, Ledi Honoria alikuwa hajamtaja kwa jina hata mara moja. Alimwita "mpenzi", neno ambalo katika nyumba zile hata farasi huitwa hivyo.

Supu ikapita, bata akapita, na Doreen hakukosea uma hata mmoja. Kisha ikaja chupa ya divai, ile nzito tamu. Chupa hiyo huzunguka kwenda kushoto: unajimiminia, unamsogezea jirani. Haisimami, wala haiombwi. Watu wale, jamani, afadhali koo liwakauke kuliko kusema "hebu nipe chupa".

Ilimfikia Doreen akiwa katikati ya kisa. Akaishika shingo, akaendelea kusimulia huku akiipunga hewani. Kushoto kwake Kanali alikaa na gilasi tupu, macho kayatoa.

"Mpenzi," Ledi Honoria akasema polepole, "unamfahamu Askofu wa Marlby?"

Kila aliyezaliwa katika nyumba kama ile anajua maana ya swali hilo ni moja tu: sogeza chupa. Lionel akafumba macho.

"Namfahamu sana!" Doreen akachangamka. "Kila Ijumaa yuko kwa baba, mlango wa nyuma. Chipsi, siki tele, na anakula amesimama!"

Ledi Honoria akajaribu tena, maana msemo wenyewe una kipande cha pili. "Mtu mwema sana. Tatizo lake, husahau kusogeza chupa."

"Wanamsingizia, Mama! Pombe hagusi hata tone. Na chupa ya siki humsogezea mwenzake hata kabla hajaombwa."

Kanali akaiva uso, mabega yakaanza kutikisika. Doreen akadhani amepaliwa, akainuka ampige mgongoni. Kumbe ni kicheko! Mzee alicheka mpaka machozi.

"Maisha yangu yote nauliza swali hilo," akasema akihema. "Leo ndiyo kwanza nimejibiwa!"

Lionel akamnong'oneza mkewe maana yake. Aibu iliyomshika haisemeki.

"Yaani mlishindwa kusema tu, 'Doreen, lete chupa'?"

"Haijawahi kutokea," Kanali akasema, akimgeukia Lionel. "Kijana, mkeo akipita nyumba kwa nyumba kuomba kura namna hii, wapinzani wetu wakalale. Kiti ni chako."

Doreen akambusu Kanali kwenye upara na kumkabidhi chupa. Kanali naye, kwa furaha, akaanza visa vyake vya vitani, chupa kaikumbatia.

"Kanali," Ledi Honoria akasema bila kutabasamu, "unamfahamu baba yake Doreen?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Doreen, kusikia jina lake kinywani mwa mama mkwe, alilia, wala hakuona haya.

Tangu siku hiyo Askofu akasahaulika. Watoto wa Ashmarsh walikua wakiulizana swali jipya hata kwa jagi la maziwa. Krismasi moja, Lionel akiwa mbunge wa siku nyingi, mzee Clegg mwenyewe alikuja, akaketishwa kulia kwa Ledi Honoria. Chupa ikamfikia, ikaganda hapo.

"Bwana Clegg," Ledi akasema, "unamfahamu baba yake Doreen?"

Mzee akaweka mkono kifuani, kaudhika kidogo. "Si ndiye mimi, mama! Umeshanisahau?"

Ledi Honoria, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akicheka kwa sauti, akaangukia bega la muuza samaki, akacheka mpaka Doreen akaja kuichukua chupa mwenyewe.