Kebo ya Plagi Mbili

Hebu fikiria umesimama katika duka la vifaa vya stima mjini Runyenjes. Mzee mmoja anadai kebo yenye plagi pande zote mbili, achomeke inveta ya sola ukutani, nyumba nzima iwake stima ikipotea.

"Hapana, mzee," akasema muuzaji. "Stima yako itatoka hadi kwenye nguzo, imuue fundi wa laini."

"Si avae glavu!"

Mama mmoja akaweka kikapu chini. "Mzee, huyo fundi ni bwanangu."

Mzee akakohoa, kisha akauliza kama kuna kebo fupi zaidi, isiyofika kwenye nguzo. Mimi ni mwalimu, na hata darasa la kwanza halijawahi kunichosha hivyo.

Tafadhali kumbuka: stima ikipotea, kuna mtu juu ya nguzo anayeamini waya umezimwa.