Nyatiti Isiyomngoja Mtu

Sijui kwa nini mnanifuata mimi. Kaloleni yetu hapa Nairobi imejaa watu waliosoma, kalamu ziko mfukoni, na bado mnakuja kugonga kwa kikongwe aliyeachia darasa la pili, eti niandike habari za Zedekiah na safari yake ya Ulaya. Haya, nitaandika. Lakini msinisahihishe. Anayetaka maneno yaliyonyooshwa aandike yake.

Zedekiah alikuwa fundi wa reli, mtu wa maneno machache, na alipiga nyatiti. Kama huijui, ni chombo cha nyuzi nane. Mpigaji hukaa chini kwenye kigoda, njuga mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga ubao. Kwetu Wajaluo nyatiti haisikilizwi kama redio. Katikati ya wimbo mtu huinuka, akainua mkono, na mpigaji hunyamaza. Yule aliyeinuka humtunza mpigaji kwa pesa aliyo nayo, kisha hujigamba: mimi ni fulani, shemeji ya fulani, mke wangu ametoka kwa watu fulani. Akimaliza, nyuzi zinaendelea. Asiyejua kunyamaza si mpigaji, huyo ni kelele tu.

Mwaka wa sabini na tisa, Mzungu mmoja mpenda ngoma alimwalika Ujerumani pamoja na Mativo, Mkamba mpiga ngoma wa Makongeni, wakapige kwenye tamasha majira yao ya joto. Kufika, tamasha limevunjika, na tikiti za kurudi ni za Septemba. Wangekula nini? Wakakaa nje ya stesheni ya Hamburg, wakapiga.

Siku ya kwanza watu walijaa. Zedekiah akapiga mpaka pale pa kunyamaza, akanyamaza. Akainua macho, akangoja mtu ajitaje. Wazungu wakapiga makofi, wakaenda zao.

"Mbona umekata?" Mativo akafoka.

"Nangoja mtu aseme."

"Aseme nini? Hapa nani anamjua mamako? Piga, bwana! Ukinyamaza wanaenda, na sisi tunalala njaa."

Basi akajifunza. Akajifunza kuunga wimbo na wimbo bila pengo. Akajifunza kutazama chini, maana nyuso zilimchanganya, viatu havikumchanganya. Wakazunguka miji, Bremen, Amsterdam, na kote aliona viatu vikisimama kidogo, kisha vikienda. Mwanzoni ilimuuma. Baadaye haikumuuma tena, akadhani amezoea.

Akiwa huko, Perez akafa. Perez alikuwa mke wa Mzee Johnson, jirani yetu, askari mstaafu wa baraza la jiji. Ndiye aliyemlisha Zedekiah alipoingia Nairobi kijana asiye na sufuria. Akazikwa nyumbani kwao Johnson, Ugenya, kwa muziki wa santuri ya kuazima. Watu wakamwambia Johnson ainuke amsifu mkewe. Akakataa. "Perez hatajwi juu ya santuri. Nitamngoja mwenye nyatiti arudi."

Zedekiah aliporudi, mkewe Roseline alimpa habari kabla hajavua koti.

"Aha," akasema. "Kuna chai?"

"Umenisikia? Nimesema Perez. Perez wako."

"Nimesikia."

Alijua inampasa kulia. Akangoja. Hakuna kilichokuja. Chai ilikuwa moto, hilo aliliona.

Jumapili tukakusanyika mbele ya nyumba ya Johnson. Zedekiah akafunga njuga, akaanza. Mzee akainuka na koti lake jeusi, akainua mkono. Zedekiah hakumwona. Alikuwa anatazama viatu.

"Mimi Johnson, mume wa..."

Nyuzi zikamfunika. Mzee akakohoa, akaanza upya. Zikamfunika tena.

"Wewe Zedekiah!" mama mmoja akapaza sauti. "Umekuwa cherehani?"

"Mwacheni, bado yuko Ulaya huyo!"

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, maana mkono wa mzee ulikuwa bado juu. Zedekiah alisikia yote kama mambo ya nyumba ya pili. Mikono yake ilijua jambo moja: ukinyamaza wanaenda.

Johnson akasogea. Akapiga goti, kwa shida, akaweka kiganja juu ya nyuzi zote. Pete ya mguu ikagonga kidogo peke yake, ikakoma.

"Mwanangu," akasema, "mimi siendi popote. Ninyamazie."

Akasimama, akajigamba. "Mimi ni Johnson, mume wa Perez binti wa Alego! Aliyepika samaki mpaka paka wa Makongeni wakahamia Kaloleni! Aliyenitukana asubuhi, jioni akanipigia shati pasi! Nani hapa ana mke kama wangu?"

"Hakuna!" tukajibu, na kina mama wakalia.

Watu hupenda kusema kwamba Zedekiah naye alilia. Hakulia. Nilikuwa nimekaa mbele, nilimwona. Alikaa mikono mapajani, mkavu. Mzee alipomaliza, tukangoja nyuzi. Hazikuja. Zedekiah akainua macho, akamtazama usoni.

"Baba," akasema, "rudia. Kutoka mwanzo. Sikuwa nimefika."

Johnson akarudia yote, na paka akawaongeza. Zedekiah akanyamaza mpaka neno la mwisho.

Sasa nimeandika, na mkono unaniuma. Ni zamu yako. Una mtu wako aliyezikwa bila kusifiwa vizuri, usinidanganye. Simama hapo ulipo, umtaje jina na watu wake, kwa sauti, jirani asikie. Kisha njoo Kaloleni umtaje mbele yangu. Nitanyamaza.