Filimbi Haikupigwa Bwawani

Nakumbuka siku nimemshika ndugu yangu Shabani kwa shuka lake, maji ya bwawa yanamvuta, na juu ya ukuta wageni wanapiga makofi. Shuka likabaki mkononi mwangu. Shabani akaenda.

Ngoja nianze mwanzo, mwanangu, maana nyinyi mkisikia habari mnataka mwisho tu.

Tulikuwa vijana wa Kizaramo, wachukuzi wa magunia hapa Kariakoo. Akaja mnyapara, Athumani Kigoda, anatafuta watu wa kazi ya bwawa huko bara. Akalisifu! Linatoa umeme, linanywesha mashamba, na nyuma yake ziwa zuri hata Wazungu wanakwenda kutembea na mashua. Sisi tukajiona tumealikwa harusini.

Mzee Maganga, Mnyamwezi muuza tumbaku pale sokoni, alikwisha kufanya kazi huko. Akatuambia, "Nyinyi Wazaramo, msiende. Lango la maji linafunguliwa watu wangali chini. Mtakufa kama panya."

Shabani akacheka. "Wee mtumwa wangu, unataka nife upate pilau ya hitma?"

"Pilau yenu yenyewe haina nyama. Nasema msiende."

Tukazidi kucheka. Mnyamwezi ni mtani wetu; kutuombea kifo ndiyo salamu yake ya kila asubuhi. Lakini siku ile yeye hakucheka, na mimi niliona. Niliona nikanyamaza! Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Tukaenda. Kule bwawani desturi ni filimbi kwanza, lango baadaye. Siku hiyo wakaja wageni kutazama maji yanavyoporomoka. Sisi tuko chini, tunazoa mawe. Msimamizi, Mzungu tuliyemwita Bwana Kidevu, akampungia mkono Athumani, aliyesimama langoni, afungue. Athumani alituona. Filimbi anayo shingoni. Akafungua.

Nilipomuuliza mbona hakuipiga, akanijibu, "Sasa ningewasubirisha wageni?"

Kwenye hitma ya Shabani, Mzee Maganga alikuja. Watu wakangoja atukane na kuchekesha, ndiyo haki ya mtani msibani. Akakaa mkekani kimya, akaondoka bila kula.

Mwanangu, utani tuutunze, ni udugu. Lakini mtani akirudia neno mara ya pili, funga kinywa umuulize, "Hili la kweli?" Na ukiitwa kazi ya mbali, waulize waliorudi, usimuulize anayekusanya watu. Mungu akukinge na kila maji, akupe masikio niliyoyakosa mimi.

Bwana Kidevu keshapanda meli kwenda kwao, huyo simpati. Ila wewe Athumani Kigoda upo. Kila Ijumaa nakuona unakatiza Mnazi Mmoja na kanzu ya pasi, watoto wanakupa shikamoo. Kwenye karatasi ya bwawani waliandika ajali. Ajali gani? Njoo uketi mbele ya mama yetu, umtazame usoni, umwambie kwa nini hukuipiga filimbi ile.