Taji la Mpiga Besi

Barend Turksma hakutaka makuu, jamani. Alitaka asikike tu. Miaka thelathini na minane amepiga besi, lile zeze kubwa la kusimama linalomzidi kimo, akilisukuma kwa kigurudumu kwenye madaraja ya Amsterdam. Jumanne ngoma za Kiairishi kwenye baa, Alhamisi ngoma za wakulima wa jimbo la Frisia, Jumapili muziki wa klezmer kwenye harusi za Wayahudi wenzake. Pongezi zote huenda kwa mwenzake Jaap, mpuliza klarineti. Yeye huulizwa, "Mzee, hilo kabati linaingiaje kwenye tramu?" Hata bintiye Tirtsa, alipokuwa shuleni, alivuka upande wa pili wa barabara asionekane pamoja na baba na dude lake.

Sasa Tirtsa, kitindamimba, anaolewa. Na kwetu Wayahudi, mtoto wa mwisho akiolewa, wazazi hukalishwa katikati ya ukumbi, wakavikwa mataji ya maua, watu wakawazunguka wakicheza. Ngoma hiyo Barend amewapigia wazazi wa watu hata hesabu hana.

"Leo wewe ni baba wa bibi harusi," mkewe Selma alimwonya ukumbini. "Nikikuona unaligusa hilo lidude, utanitambua!"

"Basi nimtafute wa kunishikia."

"Wa nini?" Jaap akadakia, mdomo umejaa keki ya tangawizi. "Ngoma moja tu, bwana. Kwani besi nani analisikia?"

Ulikuwa utani, lakini ulimchoma. Rafiki wa miaka yote hiyo! Barend akaenda kukaa, taji likamwangukia sikioni. Alichoogopa ni kimoja: kwamba Jaap amesema kweli.

Klarineti ikalia, fidla ikafuata, kodiani ikajaza. Wageni wakashikana mikono, wakazunguka. Mzunguko wa kwanza ukapita salama, na Barend akainamisha kichwa. Maisha mazima, kumbe bure?

Wa pili, mambo yakaenda mrama. Jaap alianza kukimbiza mdundo. Siku zote huukimbiza, ila siku zote besi lipo la kumshika. Fidla ikamfukuza, kodiani ikabaki nyuma. Wachezaji wa mbele wakaenda mbio, wa nyuma wakaburutwa, shangazi Roosje akamkanyaga bwana harusi, na duara zima likasimama.

"Kuna nini?" Tirtsa akauliza. "Mbona haichezeki?"

Jaap akashusha klarineti, uso mwekundu. "Barend," akasema mbele ya ukumbi mzima, "nimeropoka, ndugu yangu. Njoo. Bila wewe sijui mguu niuweke wapi."

Barend hakunyanyuka. Alimtazama Selma.

Selma akashusha pumzi, akainuka, akakibeba kiti chake mwenyewe mpaka kwa wapigaji, akakitua kando ya besi. "Haya, twende wote," akasema. "Lakini taji usivue!"

Barend akasimama nyuma ya besi lake, maua kichwani, akavuta waya mnene kuliko zote. Sakafu ya mbao ikaitikia, na miguu ya ukumbi mzima ikashuka pamoja. Watu wakawazunguka Selma, wapigaji na yeye, wakipiga vigelegele.

Tirtsa akapita mbele yake, shela limemwenda upande, akiwapigia kelele wakwe zake kwa nguvu zote:

"Mwenye besi huyo! Baba yangu huyo!"