Ua la Kumi na Mbili

Siku ya kwanza nilimchukia Bi Mwanarusi, na sioni haya kusema. Nilikuwa nimempeleka mwanangu Levi, wa miaka saba, akajifunze kuchora nyumbani kwake Mji wa Kale. Mpango wangu ulikuwa kukaa barazani na simu mpaka saa sita, nikipumzika. Wiki nzima nilikuwa Shimanzi ofisini nikigombana na madereva wa malori kuhusu karatasi za makontena. Sijaketi sawasawa, akatokea mlangoni mwanamke mfupi mwenye miwani minene, kajitanda leso.

"Wangoja nini hapo, mama?"

"Namngoja mtoto, Bi."

"Hapa hapana kungojana. Ndoo ndani, keti tini, ushike penseli."

Nilifungua mdomo kubisha, lakini alikwishanipa mgongo. Nikaingia nimenuna.

Ndani kulikuwa na chumba kimoja na mikeka, na juu ya mikeka watu wa kila umri. Watoto walichora kuta za mtaa. Mama mmoja wa Kizingo, aliyeacha gari lake barabara kuu kwa kuwa kichochoro hakipitishi, alikuwa akichora birika la kahawa na ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Kando yake aliketi Kadenge, mpakuzi wa mizigo bandarini Kilindini, mwenye vidole kama ndizi, akishona kofia. Kila mtu mzima pale alikuwa ameanza kama mimi, kwa kumleta mtoto. Binti yake Kadenge alichoka baada ya wiki mbili akaacha, baba akabaki.

Chuki yangu kwa Bi Mwanarusi haikufika mwezi. Utamchukiaje mtu kama yule? Alianza kushona kofia za viua akiwa na miaka tisa. Mumewe alipofariki akamwachia watoto watatu wadogo, kofia ndizo zilizowalisha na kuwasomesha wote. Walipokua wakahama, hakutaka kukaa na nyumba tupu akihesabu maradhi yake. Akafungua chumba cha chini, akaita majirani. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba hana kipaji. Akiona mchoro mbovu alisema, "Huu bado haujafika, upeleke mbele," na mtu aliupeleka kweli. Nimesoma miaka kumi na sita, na sikumbuki mwalimu aliyenisemesha hivyo.

Baada ya mwaka alianza kunifundisha kuchorea kofia, jambo ambalo hakumfundisha mwingine yeyote. Kofia ina duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Ukanda hukunjwa sehemu nne, kila robo ikagawanywa sehemu tatu, na alama za penseli zikatiwa: maua kumi na mawili. Mwishoni ncha mbili za ukanda huunganishwa, na ua la kumi na mbili lazima likutane na la kwanza. Lisipokutana, hakuna pa kujificha, maana kila mtu anajua pa kutazama.

Kadenge aliomba ukanda wa kofia ya mwanawe Kamaludin, aliyekuwa karibu kuoa. Bi Mwanarusi akaukunja, akatia alama, akachora maua kumi. Adhana ya adhuhuri ikamkuta hapo. Akanipa penseli, akapanda juu kuswali.

Simu yangu ikalia. Dereva amezuiwa getini, karatasi zake zina kasoro. Nikawa namfokea huku mkono ukichora, na nilipokata simu, ua la kumi na moja lilikuwa limevuka alama yake. La kumi na mbili likabakiwa na nafasi ya nusu. Niliogopa. Ile alama nikaigeuza petali, nusu ua nikalibana pembeni, nikanyamaza. Bi Mwanarusi aliposhuka aliupitishia mkono ule ukanda, akaukunja, akampa Kadenge.

Miezi minne mwanamume yule alishona. Alitoka zamu ameloa jasho, akanawa mikono, akaketi mkekani. Mimi nilikuwa nikimtazama kila Jumamosi, nikijiambia labda haitaonekana.

Siku ya kuunganisha ilikuwa Jumamosi, na harusi ni Ijumaa yake. Bi Mwanarusi akazileta ncha pamoja. Ua zima likakutana na nusu. Akaisogeza kofia dirishani, akaitazama, akaigeuza, kisha akavua miwani.

"Nimekugawia vibaya, Kadenge," akasema. "Mato yangu yamekwisha. Niwieni radhi nyote. Jumamosi ijayo msije."

Watoto hawakuelewa. Mama wa Kizingo alikuwa akilia waziwazi. Na mimi, mwenye kosa, nilimshika Levi mkono nikaondoka naye bila kusema neno. Sijawahi kujionea aibu kama siku ile.

Kesho yake nilitoka kanisani nikaenda moja kwa moja, na nguo zangu za ibada. Nilimkuta akibandua michoro ya watoto ukutani, mmoja mmoja, akiipanga kwa upole.

"Bi, si macho yako. Ni mimi. Alama zako zilikuwa sawa, mimi ndiye niliyezivuka."

Hakugeuka.

"Myezi mine yote wajua?"

"Ndiyo."

"Na jana wanitazama navua miwani, wanyamaa?"

"Ndiyo, Bi."

Akaketi. Nilitamani anitukane. Badala yake akaniashiria nami niketi.

"Mato yangu ni mabovu, Mama Levi. Hilo hukulizua wewe, daktari alinambia mwaka jana. Ule ukanda niliposhuka sikuuona. Niliupapasa tu, nikajifanya naona." Akashusha pumzi. "Sote wawili tulimdanganya Kadenge."

Tukaenda pamoja kwa Kadenge, tukamwambia yote. Aliigeuzageuza ile kofia kwa vidole vyake vinene. "Mshono si hukaa kisogoni?" akasema. "Na Kamaludin ni mrefu. Atakayeuona labda apande ngazi." Ijumaa ile kijana aliivaa, akapendeza.

Njiani tukirudi kutoka kwa Kadenge, Bi Mwanarusi alinishika mkono, kwa kuwa mawe ya kichochoro hakuyaona vizuri, na safari hii hakuficha. Akaniambia hatafunga darasa, lakini kwa sharti moja. Akikosea, nimwambie hapo hapo, mbele ya watu, bila kumwonea haya. Nikasema naweza. Ilikuwa rahisi kusema.

Wiki tatu baadaye alikuwa akikunja ukanda mpya, darasa zima likitazama, Levi akiwa mbele kabisa. Niliona mkunjo wa pili umekwenda upande, upana wa kidole.

"Bi, hapa pamekwenda upande."

Kadenge akasimamisha sindano.

"Wapi?"

Nikamshika kidole, nikakiweka pale pale. Akapapasa, akarudia. Kisha akakikunjua kitambaa chote, akakinyoosha kwa viganja, akakisogeza mapajani pangu.

"Kunja wewe," akasema.