Niliuziwa Pikipiki ya Kuwaka Saa Sita ya Muchana Tu

Wakuu, salamu zenu kutoka Kalemie. Na wamama wenzangu, kama muko humu mumenyamaza, salamu zenu pia.

Nimesoma uzi wa yule kijana anayetaka kununua pikipiki isiyowaka, ati ajifunzie ufundi juu yake. Wengi wamemujibu mambo ya bujie, ile plagi ya cheche, mambo ya pistoni. Hakuna aliyemwambia amuchunguze kwanza muuzaji.

Basi nitamwambia mimi.

Masomo niliachia darasa ya tatu, maandishi yangu muyavumilie. Lakini majina yote ninayo, na sitaongeza hata chembe. Anayebisha, watoto wa hao watu wako hapa Kalemie, awaulize.

Ilikuwa wakati wa Zaire. Majina ya ubatizo yalikatazwa, na ukifika ku biro ya serikali wanakuita Sitwayene, yaani mwananchi, hata kama wanakufukuza.

Bwana wangu, Papa Kalenga, aliangukiwa na magunia ku porti, pale bandarini. Muguu ulivunjika vibaya, kazi ikaisha. Nikaanza mimi kuuza ndakala, wale samaki wadogo nyinyi munaita dagaa.

Sasa sikieni namna ya biashara ile. Mitumbwi ilikuwa inarudi alfajiri, ku kambi ya wavuvi ng'ambo ya muto Lukuga. Anayefika wa kwanza njo anachagua. Anayefika jua limepanda anaokota mabaki.

Mama Zaina, muuza samaki kama mimi, na wenzake walikuwa wanapanda kamio, lori la mizigo. Mimi na miguu yangu. Nikifika, muchanga umeshafagiwa, na Mama Zaina ananiambia, "Karibu mama, umekuja kununua harufu?"

Hapo njo Papa Kasongo aliniona.

Papa Kasongo alikuwa jirani, nyumba inatazamana na yangu. Muntu wa suti, wa maneno matamu. Alikuwa na pikipiki nyekundu, moto tunavyoita sisi, ya Kijapani, imelala ukutani tangu mvua za kwanza, kuku wanatagia juu ya kiti.

Akaniambia, "Mama Kalenga, hii moto ni nzima. Imechoka tu kukaa. Muntu mwenye akili akiisafisha, inawaka."

Nikamuuliza, "Na wewe huna akili, Papa?"

Akacheka. "Mimi sina wakati."

Hakutaka feza. Feza ya miaka ile ilikuwa inaoza mukononi kama papai. Alitaka mashini yangu ya kushona. Mashini ya chuma nyeusi, ya kuzungusha na mukono, baba yangu alininunulia vile niliolewa. Mukewe, Mama Feza, alikuwa anaitamani siku nyingi.

Bwana wangu alisema, "Usiitoe." Niliitoa.

Siku ile tu mashini ikaanza kulia kule ng'ambo ya njia, trrr, trrr, na mimi nimebaki na chuma chekundu chenye mavi ya kuku.

Wakuu, sikujua kitu. Hata spana sikujua inashikwa upande gani. Lakini samaki nilijua kupanga. Nikatandika mukeka, nikaanza kufungua. Kila kinachotoka nakilaza kwa musitari, kichwa huku, mukia kule, kama ndakala juani. Kitakachorudi kwanza ni kile kilicholala mwisho. Halafu nafunika na kipande cha wavu, kuku wasinilie visikurubu.

Muonekano wangu ulikuwa sinema ya bure.

Mbele ya nyumba kulikuwa na butiki, duka dogo, ya Papa Mwilambwe, na ku baraza yake wanaume walikuwa wanacheza dame na vifuniko vya chupa. Papa Kasongo yuko hapo, Papa Lukusa wa reli yuko hapo. Kutwa nzima.

"Sitwayene, unapika nini leo?"

"Leo anapika moteri na nyanya!"

Ninawaacha.

Nikafungua rezervwari ya esanse, nyinyi munaita tangi la petroli. Chini kulikuwa na kitu chekundu chekundu, kigumu, kimeganda kama ukoko. Nikasema, kutu. Nikakwangua na kijiko cha zamani, nikasuuza. Ndani ya karbirateri, kale kadude kanachochanganya esanse na hewa, vitundu vilikuwa vimezibwa na kutu ile ile. Nikavizibua na kijiti cha ufagio. Nikanunua bujie ingine.

Na wale ku baraza wananitazama nakwangua. Muweke hilo akilini.

Nikamwendea Papa Kasongo, kwa heshima, kwa sababu moteri ya namna ile haina mafuta pembeni, inakunywa mafuta yamechanganywa na esanse. Nilikuwa nimeshaambiwa hilo. Nikamuuliza, "Papa, nichanganye mafuta gani? Mu soko hakuna mafuta ya moteri."

Akajibu bila kuinua macho ku dame yake, "Mama, tia mawese. Mafuta ni mafuta."

Mawese! Mafuta ya mungazi, yale ya kupikia. Na mimi nikatia. Mungefanya nini? Mwenye pikipiki ndiye amesema.

Nikapiga kiki, nikapiga, nikapiga. Saa sita ya muchana, jua linachoma, ikawaka!

Wakuu, nililia. Bwana wangu alitoka na fimbo yake, akaruka na muguu mumoja. Moshi ukajaa njia nzima na kunuka kama harusi, kama muntu anakaanga samaki wa watu mia. Mama Feza akatoka akauliza nani anapika.

Nikalala na furaha. Kesho yake, alfajiri, nikavaa sweta, nikafunga kikapu nyuma. Nikapiga kiki.

Kimya.

Nikapiga mpaka muguu ukatetemeka. Nikaenda na miguu yangu. Mama Zaina akauliza, "Moto iko wapi? Iko inapumzika?"

Nikarudi muchana, nikajaribu. Ikawaka kwa kiki moja!

Ikawa hivyo. Kila alfajiri imekufa, kila muchana imefufuka. Ilikuwa kiangazi, ile miezi haina mvua na alfajiri upepo baridi wa ziwa unaingia mu mifupa. Samaki anauzwa alfajiri, na mimi nina pikipiki ya saa sita. Nifanye nayo nini? Nizunguke nayo butiki ya Papa Mwilambwe?

Mu mutaa walianza kusema pikipiki imerogwa. Wengine walisema haitaki mwanamuke. Mimi nafungua, nafunga. Na kule ng'ambo, trrr, trrr, mashini ya baba yangu.

Asubuhi moja nimerudi kutoka kambi mikono mitupu. Nikaingia mu jikoni nipike sombe, yale majani ya muhogo. Nikainamisha chupa ya mawese juu ya sufuria.

Haikutoka kitu.

Imeganda. Kila kiangazi inaganda, kila mama anajua, unaweka chupa karibu na moto inayeyuka. Nimefanya hivyo tangu utoto wangu. Lakini siku ile nilisimama na chupa mukononi kama muntu aliyepigwa kofi.

Nikatoka mbio. Nikafungua rezervwari. Mbegu nyekundu zinaelea humo. Nikafungua karbirateri, vitundu vimezibwa. Kwa kijiko nikachota ule ukoko wa zamani, ule niliokwangua siku ya kwanza na kuutupa nyuma ya choo, nikauweka juu ya makaa.

Kutu haiyeyuki, wakuu. Ule uliyeyuka, ukanuka jikoni.

Ndiyo kusema Papa Kasongo naye alitia mawese. Yeye njo aliiua vile. Alijua ugonjwa, akaniuzia ugonjwa, halafu nilipomuuliza dawa akanipa ugonjwa ule ule mara ya pili!

Nikavuka njia na kijiko changu kinafuka moshi. Wote wako ku baraza.

"Papa Kasongo, hii ni nini?"

Akatazama. "Mawese."

"Ulijua inaganda?"

"Mama, kila muntu anajua mawese inaganda."

"Na ukaniambia pikipiki ni nzima?"

Sikieni jibu. Nimekuwa bibi, nimekuwa mama wa bibi, na jibu hili halijashuka mu koo yangu. Alisema:

"Nilikuambia inawaka. Saa ngapi, hukuniuliza."

Wakacheka! Papa Lukusa alicheka mpaka vifuniko vya dame vikaanguka. "Sitwayene, uwaambie samaki wavuliwe saa sita!"

Nikamugeukia Papa Mwilambwe, muntu niliyekuwa nanunua chumvi kwake kila siku. "Na wewe ulijua?"

Akajikuna. "Mama, tulitaka tuone kama mwanamuke ataona mwenyewe."

Waliona nakwangua. Waliona narudi na kikapu kitupu. Walijua watoto wangu wanakula nini. Na walikaa, wanatazama, kama muntu anatazama mupira.

Sikuwatukana. Nilikuwa na kijiko cha moto mukononi na sikumupiga muntu. Mungu anajua.

Nikatelemuka mpaka ziwani. Nilikuwa nimekumbuka jambo: mashua za moteri nazo zinachanganya mafuta na esanse, na zinaondoka alfajiri, baridi au hapana. Nikamukuta Bwana Ramazani, mwenye mashua inayofanya safari ya Kigoma. Nikamueleza yote.

Akaweka mukono mudomoni. "Mawese? Mama, mawese ni ya sombe! Hata mashua yangu siilishi mawese."

Akanipimia mafuta ya moteri mu chupa ya bia, akanionyesha kipimo na kifuniko. Akakataa malipo. "Utaniletea ndakala wa kwanza," alisema.

Nikaosha kila kitu tena, toka rezervwari mpaka kitundu cha mwisho. Nikalala sisinzii.

Alfajiri, kiki ya tatu, ikawaka.

Nilifika kambi ya wavuvi mutumbwi wa kwanza haujagusa muchanga. Nikachagua. Nimekwisha kufunga kikapu, kamio ya Mama Zaina inafika. Nikamwambia, "Karibu mama. Harufu ingali nyingi."

Munadhani imeishia hapo? Hapana. Hapa njo hasira yangu inapoanzia.

Kuanzia wiki ile Papa Kasongo akatembea mutaa muzima anasema, "Munaona? Nilisema moto ni nzima. Mimi si muntu wa uongo." Kazi yangu njo ikawa ushahidi wake! Na watu wanaitika, "Kweli, Papa Kasongo alimusaidia yule mama."

Alinisaidia!

Siku ikafika. Alikuwa anaenda Kabalo kuposea mutoto wake wa kiume, na treni ya miaka ile, ukiikosa, hujui ingine itakuja lini. Alfajiri nimeshawasha, yeye anatoka mbio, suti imepigwa pasi, valizi ya nguo mukononi.

"Mama Kalenga! Nifikishe gare, ku stesheni ya treni. Nimechelewa."

Nikamwambia, "Panda, Papa. Lakini sema kwanza. Papa Mwilambwe huyu anafungua butiki, anasikia. Sema, 'Nilijua inaganda, nikakuficha.'"

Akatazama valizi. Akamutazama Papa Mwilambwe. Kule chini treni ikapiga honi.

Mama Feza akapiga kelele kutoka mulangoni, "Baba, sema tu! Maneno haya hata kilo haifiki!"

Akanyoosha suti yake. "Mafuta ni mafuta," alisema, akaweka valizi kichwani, akaenda na miguu.

Alirudi kabla ya jua kupanda. Treni ilimuacha. Ku baraza walimuuliza, akajibu amebadilisha siku.

Alikufa miaka mingi nyuma, hakusema. Nilienda ku kilio, nikapika sombe na mawese.

Kwa hiyo, kijana, funzo langu ni hili. Pikipiki mbovu haifichi ugonjwa wake, ukiifungua inakuonyesha. Muuzaji njo anaficha. Usimuulize kama inawaka. Muulize iliacha kuwaka siku gani, saa gani, na ilikunywa nini. Uulize mbele ya watu. Na wale wanaokutazama wanacheka, uwe na wasiwasi, mara nyingi wanajua kitu.

Watu hapa wananiambia, "Bibi, ulishinda." Sijui. Pikipiki ilikwisha kitambo, hata chuma chake hakipo. Mashini ya baba yangu, wajukuu wa Mama Feza wangali wanashonea. Nikikaa mulangoni naisikia, trrr, trrr, haijasimama hata siku moja.

Haya, semeni nanyi. Mungempandisha Papa Kasongo asubuhi ile?